Upande Mmoja wa Uso

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri juu ya vilima vya Ndithini, Kalunde alikuwa ameshafika kisimani. Kisima chenyewe kilikuwa shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka. Maji yalijikusanya polepole, na mtu alilazimika kuchutama na kusubiri, kibuyu mkononi, hadi yatoshe kuchotwa. Hapo ndipo wanawake na wasichana walipopata habari zote za kijiji. Kalunde alijaza mtungi wake, akaubeba mgongoni kwa ukanda uliopita kichwani, kisha akapanda kilima pamoja na rafiki yake Nzisa, wakicheka mambo ya darasani.

Nyumbani alimkuta nyanya yake, Syokau, ameketi mlangoni akisokota kamba za mkonge za kusukia vikapu vya viondo. Kalunde alimwita Susu, kama watoto wa Ukambani wanavyowaita nyanya zao. Susu alilaza nyuzi mbili juu ya paja, akazisukuma mbele kwa kiganja, akakirudisha kiganja nyuma, na nyuzi zile mbili zikakumbatiana zikawa kamba moja. Kalunde alikuwa ameutazama mkono ule ukifanya hivyo tangu hajajua kutembea.

"Kisimani wanasemaje?" Susu aliuliza. Alipenda habari kuliko chai.

"Wanasema mbuzi wa kasisi wamekula kunde za Mama Nzisa."

"Aiya! Sasa Mama Nzisa akikasirika, ataungama dhambi kwa nani?"

Walicheka mpaka kuku wakashtuka.

Walikuwa wawili tu katika boma lile. Mama yake Kalunde, Winfred, alishona nguo katika kiwanda kimoja kule EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, Athi River, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, tena kazi ikimruhusu. Kalunde alikuwa ameizoea hali hiyo. Mtu aliye na Susu nyumbani, Nzisa njiani na darasa zima la wenzake hawezi kusema yuko peke yake.

Na darasa lilikuwa limejaa kwelikweli. Ulikuwa mwaka ule shule za msingi zilipofanywa kuwa za bure, na watoto walikuwa wamemiminika kutoka kila upande. Katika darasa la sita, dawati la watoto watatu lilikaliwa na watano. Waliokosa nafasi waliketi juu ya mawe kando ya ukuta, madaftari yakiwa magotini.

Shida ilianza kama jambo la kawaida. Susu alilalamika kwamba kichwa kinamuuma, lakini upande mmoja tu, wa kulia. Alisema paji la uso linamchoma kana kwamba ameegemea sufuria ya moto. Hata leso ikimgusa alishtuka. Kisha yakatokea malengelenge madogo, yamesongamana kwa vishada, yakianzia kwenye nywele na kushuka kuelekea nyusi. Ajabu ni kwamba hayakuvuka katikati ya paji. Upande wa kushoto ulibaki safi, kana kwamba mtu amepiga mstari kwa rula na kuyaambia, mwisho wenu ni hapa.

Mama Nzisa alikuja siku moja kuazima chungio. Susu alisimama kumpa, na leso ikateleza kichwani. Mama Nzisa aliyaona malengelenge. Mkono wake, ambao ulikuwa tayari umenyooshwa, ukarudi nyuma.

"Syokau," alisema kwa sauti ya chini, "huo ni mkanda wa jeshi."

Aliondoka bila chungio.

Susu alifunga mlango, ingawa jua lilikuwa kali. "Kalunde, njoo hapa. Jambo hili halitoki nje ya nyumba hii. Usiliseme shuleni, usiliseme kisimani, wala usimpelekee mama yako habari. Umesikia?"

"Lakini Susu, zahanati si mbali..."

"Umesikia?"

"Nimesikia, Susu."

Sauti ya Susu ikalegea. "Wewe ni mtoto, hujui. Watu wanasema mkanda wa jeshi ni alama ya ukimwi. Nikionekana zahanati na uso huu, tumekwisha. Hawatatuua, hapana. Watatuacha tu."

Asubuhi iliyofuata Kalunde alimngoja Nzisa kwenye njia panda. Nzisa hakutokea. Alipofika kisimani, alimkuta amekwisha kufika, amesimama nyuma ya mama yake. Mazungumzo yakakatika. Wanawake wakampisha Kalunde mbele.

"Chota wewe kwanza, mwanangu. Chota uende."

Alidhani ni wema. Alichota, akaubeba mtungi mgongoni, akaanza kupanda. Alipogeuka kutazama, aliona Mama Nzisa akiyateka maji yaliyobaki shimoni na kuyamwaga kando, na wanawake wote wakichutama kungojea maji mengine.

Kalunde hakulia. Aliendelea kupanda tu. Mtungi ulikuwa uleule, lakini siku hiyo ulimwelemea kuliko siku zote.

Darasani mambo yalikuwa vilevile. Alipoketi, msichana aliyekuwa karibu naye alikusanya vitabu vyake akaenda kuketi juu ya jiwe. Mwingine akamfuata, kisha wote. Kwa mara ya kwanza mwaka huo Kalunde aliweza kuandika akiwa amenyoosha viwiko vyote viwili. Dawati zima lilikuwa lake. Kuzunguka darasa lile, watoto walikuwa wamebanana kama kunde kwenye ganda, na hakuna aliyeitaka nafasi iliyokuwa kando yake.

Wakati wa chakula cha mchana aliufungua mkebe wake wa muthokoi, mahindi yale yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe. Kwa kawaida vijiko vitatu vinne vingekuwa vimeshaingia kabla hajameza tonge la kwanza. Siku hiyo aliumaliza peke yake, na haukuwa na ladha.

Alimpata Nzisa nyuma ya vyoo.

"Mbona unanikimbia?"

Nzisa alitazama chini. "Mama amesema nisikae nawe. Amesema ugonjwa wa Susu unaambukiza."

"Ni maumivu ya kichwa tu."

"Mama aliona, Kalunde." Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Mimi sikutaka. Lakini mama aliona." Kisha akakimbia.

Kule nyumbani, Susu alikuwa ameacha kusokota. Alikaa ndani ameelekea ukuta, hakuuliza habari za kisimani wala za shule. Kalunde alipika, akaosha vyombo, akafagia uwanja. Jioni moja alijikuta akimsimulia kuku mweupe jinsi walivyofanya hesabu za sehemu. Kuku alimsikiliza kidogo, kisha akaenda zake kulala.

Mwalimu wa sayansi, Mwalimu Bartholomew, alikuwa mtu wa kuona mambo. Aliliona dawati lile.

"Kalunde, mbona uko peke yako hapo?"

Watoto waliobanana kwenye mawe waligeuka kumtazama.

"Napenda nafasi, mwalimu."

Baada ya kipindi alimwita kando. "Nyumbani ni salama? Sijamwona nyanya yako kanisani."

"Amesafiri, mwalimu. Ameenda Athi River kwa mama."

Uongo ule ulitoka bila kukwama. Kalunde mwenyewe alishangaa jinsi ulivyokuwa rahisi. Lakini njiani akirudi nyumbani alitembea nao, na ndio uliokuwa mwenzake wa pekee. Aliona aibu, kisha akaona hasira, halafu akaona kitu kibaya zaidi: sasa hata mwalimu, aliyekuwa tayari kumsikiliza, yeye mwenyewe Kalunde alikuwa amemfungia mlango.

Asubuhi moja alimwandalia Susu chai. Kope la jicho la kulia lilikuwa limevimba, na jicho lenyewe lilikuwa jekundu likitoa machozi. Lengelenge moja lilikuwa limetokea kwenye ncha ya pua. Susu alinyoosha mkono kuchukua kikombe, akashika hewa.

"Leo kuna ukungu?" aliuliza.

Kalunde alitazama nje. Jua lilikuwa limemwagika juu ya vilima vyote, na kule mbali maji ya bwawa la Masinga yalimeremeta.

"Hakuna ukungu, Susu."

Susu alilifunika jicho lile kwa kiganja, akaliachia, akalifunika tena. Kalunde aliona hofu katika uso ambao haujawahi kumwonyesha hofu. Alikiweka kikombe mkononi mwa nyanya yake, akavifungia vidole vyake juu ya kikombe, kisha akatoka mbio.

Hakwenda darasani. Alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya walimu, akasimama mbele ya Mwalimu Bartholomew akihema.

"Mwalimu, nilikudanganya. Susu hajasafiri. Ni mgonjwa na jicho lake linafifia. Alinikataza kusema. Mwalimu, atanichukia, lakini nimesema."

Mwalimu hakuuliza ni ugonjwa gani. Alichukua baiskeli yake.

Susu alipomwona mwalimu mlangoni, alimtazama Kalunde kwa jicho lake zima. "Umelitoa jambo langu nje," alisema. Alijifunika leso uso wote, akakubali kuketishwa kwenye karia ya baiskeli. Mwalimu alishika usukani na kuisukuma. Kalunde alifuata nyuma, akiushikilia mgongo wa Susu asianguke. Walipita karibu na kisima. Mwalimu aliwasalimia wanawake wote kwa sauti kubwa, mmoja mmoja kwa jina lake, mpaka ikawabidi waitikie. Susu hakumgeukia Kalunde hata mara moja. Mgongo wake ulikuwa mgumu kama ubao.

Pale zahanati kulikuwa na tabibu aliyeitwa Pauline, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole. Alivaa glavu, akamwondolea Susu leso, akaligusa paji lile taratibu bila kusita. Susu akaanza kulia. Tangu siku ile ya chungio, mbali na mwalimu, hakuna mtu wa nje aliyekuwa amemgusa.

"Nyanya, ulipokuwa mtoto uliwahi kuugua tetekuwanga?"

"Nani hakuugua? Tuliugua boma zima."

"Basi kirusi chako hakikutoka kwa mtu mwingine. Ni kilekile cha tetekuwanga. Ulipopona, hakikuondoka. Kilijificha ndani ya neva, yaani mishipa ya fahamu, kikalala miaka yote hii. Sasa umri umesonga, mwili umechoka, kikaamka. Kimefuata neva moja tu ya upande wa kulia, ndiyo maana hakikuvuka katikati. Na kwa sababu neva hiyo inakwenda jichoni pia, tuna haraka."

Kalunde alikuwa amejibanza pembeni, akizungusha kipande cha kamba ya mkonge alichokikuta mfukoni mwa sare yake. Swali lilimponyoka kabla hajajizuia.

"Daktari, kama kilikuwa kimelala, kinaanzaje tena?"

Pauline alimgeukia. "Hilo ni swali zuri sana. Nipe hiyo kamba. Nani ameisokota?"

"Ni Susu."

"Ina nyuzi mbili, sivyo? Sasa sikiliza. Kirusi si kitu kinachokula na kunenepa. Kimsingi ni maagizo yaliyofungwa ndani ya ganda. Maagizo hayo yameandikwa kwenye DNA, na DNA ina umbo kama kamba hii, nyuzi mbili zilizozungukana. Kirusi cha tetekuwanga hupeleka DNA yake mpaka kwenye kiini cha seli ya mtu. Ili kizaane, lazima DNA hiyo inakiliwe, na haiwezi kunakiliwa ikiwa imefungwa hivi. Wewe ungeifungua vipi?"

Kalunde aliishika kamba. "Ningeanzia mwishoni."

"Kirusi hakianzii mwishoni. Katika DNA yake kuna mahali maalumu pa kuanzia. Mwulize Susu, kuna mahali penye rangi hapo?"

Palikuwapo. Sehemu moja ilikuwa imetiwa rangi ya zambarau, kwa ajili ya mapambo ya kiondo.

"Tuseme ni hapo. Kirusi kina protini moja ambayo kazi yake ni kupatafuta mahali hapo. Inapita kwingine kote bila kushika. Ikipafikia, inanasa na kuzilegeza nyuzi. Fanya hivyo."

Kalunde aliishika kamba kila upande wa rangi, akaipindua kinyume cha msokoto. Nyuzi mbili ziliachana, pakatokea tundu dogo kama jicho. Alipolegeza mkono tu, tundu likajifunga.

"Limejifunga," alisema.

"Weka kidole," sauti ilisema. "La sivyo litajifunga kila mara."

Ilikuwa sauti ya Susu. Alikuwa ameinama mbele, akitazama kwa jicho la kushoto. Alinyoosha kidole chake mwenyewe akakipenyeza katikati ya nyuzi.

Pauline alicheka. "Nyanya amejibu vizuri. Kirusi nacho kina protini nyingine za kufanya kazi ya kidole hicho. Zinazishikilia nyuzi zisirudiane. Kisha protini nyingine huingia, zikaendelea kuifungua kamba mbele, huku zikiweka kipande kifupi cha kuanzia. Kwa nini kipande? Kwa sababu mnakili, protini iliyo kama fundi anayeunga uzi mpya kandokando ya ule wa zamani, hawezi kuanza kutoka kwenye hewa. Ni lazima apate ncha ya kuungia."

"Hata mkonge ni hivyo," Susu alisema polepole. "Bila ncha, huungi kitu."

"Basi akiipata ncha, mnakili huanza, kipande kwa kipande, na kamba moja huwa mbili, mbili huwa nyingi. Seli hufa, virusi vinatoka, malengelenge yanajitokeza. Yote huanzia pale mahali pamoja padogo, palipofunguliwa."

"Na dawa?" Kalunde aliuliza. "Inaua virusi?"

"Haiviui. Inafanya ujanja. Dawa hii, asiklovia, inafanana na kipande cha kawaida cha kuunga uzi. Mnakili akikosea akaiunga, haina mahali pa kushikia kipande kinachofuata. Uzi unakatikia hapo. Lakini angalia, ujanja huu hufaa wakati kunakili kunaendelea. Kirusi kilicholala hakiguswi, na jicho likishaharibika, dawa hairudishi kilichokwenda. Ndiyo maana tunawaambia watu waje mapema." Alimtazama Kalunde. "Umechelewa kidogo, lakini hujachelewa kabisa. Ungengoja zaidi, leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine."

"Daktari," Kalunde alisema, "hata mimi niliugua tetekuwanga."

"Basi na wewe unacho, kimelala. Na mimi ninacho, na mwalimu wako, na karibu watu wazima wote wa kijiji hiki. Mtu asiyewahi kuugua anaweza kuambukizwa tetekuwanga kwa maji ya malengelenge haya. Funikeni, mnawe mikono, basi. Na kuhusu lile dawati aliloniambia mwalimu, kukaa na mjukuu wa mgonjwa hakumwambukizi mtu chochote."

Kisha akamwomba Kalunde na mwalimu watoke nje, azungumze na Susu faraghani. Mlango ulifungwa kwa kitambo. Susu alipotoka, alikuwa ameshikilia pamba kwenye ncha ya kidole. Kalunde alielewa kwamba amepimwa damu. Hakuuliza.

Zahanati haikuwa na dawa ile. Mwalimu Bartholomew alipanda mahali palipo juu, simu yake iliposhika mtandao, akapiga kwenye duka moja la Athi River ambako Winfred alizoea kuachiwa ujumbe, akataja jina la dawa. Siku iliyofuata Winfred alifika kabla ya chakula cha mchana, dawa zikiwa mkobani, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mbona hamkuniambia?" aliuliza, na sauti yake ilivunjika. "Ninashona nguo za watoto wa watu nisiowajua, na mama yangu anapofuka hapa?"

Alikaa usiku mmoja tu. Kazi ilikuwa ikimngoja, na Kalunde alimsindikiza hadi barabarani, akasimama pale hata vumbi la gari lilipokwisha kutulia.

Alirudi kwenye nyumba iliyojaa kimya. Susu alimeza dawa zake kwa wakati, lakini kwa Kalunde hakuwa na neno zaidi ya "leta" na "weka". Hizo ndizo siku zilizokuwa nzito kuliko zote. Kutengwa na kijiji kulimuuma. Kutengwa na Susu, katika chumba kimoja, kulimfanya ahisi kama kivuli cha mtu. Mara nyingi alijiuliza kama alikosea. Kila alipojiuliza, alikumbuka ule mkono ulioshika hewa, akajua kwamba angefanya vilevile tena.

Malengelenge yalianza kukauka. Wekundu wa jicho ukapungua. Jioni moja Kalunde alikuwa akichekecha unga aliposikia Susu akimwita. Alimkuta ameketi kitandani na kichupa cha dawa ya jicho.

"Mkono wangu unatetemeka," Susu alisema. "Niwekee wewe."

Alirudisha kichwa nyuma, akaufunua uso wake wote mbele ya mjukuu wake. Kalunde alitia matone, moja likakosea likatiririka shavuni, naye akalifuta kwa pindo la sketi.

"Unaniona, Susu?"

"Nakuona vizuri. Una unga puani."

Kalunde alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Susu akamvuta kifuani, akamwacha alie mpaka amalize.

Kule shuleni Mwalimu Bartholomew alikuwa amefundisha somo kuhusu tetekuwanga na mkanda wa jeshi bila kumtaja mtu. Alipouliza ni nani hajawahi kuugua tetekuwanga, mikono michache tu iliinuka. Wanafunzi walitazamana. Baadhi walirudi kwenye dawati la Kalunde. Wengine hawakurudi, na wengine waliketi ukingoni, nusu nje. Nzisa alirudi siku hiyohiyo, akaweka begi lake chini, akasema, "Nisogezee kidogo," kana kwamba hakuna kilichotokea. Kalunde alimsogezea. Lakini ilimchukua muda mrefu kabla hajamweleza tena mambo ya moyoni.

Jumamosi moja Mama Nzisa alikuja na bakuli la mbaazi. Alisimama mlangoni kama mgeni. Susu alikuwa ndani, kovu jekundu likimpita kwenye paji, upande mmoja tu.

"Syokau, nimesikia ni kile cha tetekuwanga," Mama Nzisa alianza. "Kumbe tulikuwa na hofu ya bure. Nimefurahi." Akasita, kisha akashindwa kujizuia. "Na ile damu waliyokupima? Ilisema nini?"

Kalunde aliacha kupepeta mahindi. Yeye mwenyewe hakujua.

Susu hakuonekana kukasirika. "Hilo ni langu na daktari. Lakini na mimi nikuulize, Mama Nzisa. Nikikupa jibu moja utaketi, na nikikupa lingine utaondoka na bakuli lako?"

Mama Nzisa alitazama bakuli mikononi mwake. Huko nje majogoo wawili walikuwa wakifukuzana, na hakuna aliyewatazama.

"Nilimwaga maji aliyoyaacha mtoto kisimani," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Mbele yake."

"Basi usiniambie mimi. Yeye ndiye huyo."

Mama Nzisa alimgeukia Kalunde. "Nisamehe, mwanangu. Niliogopa, nikakufanya wewe ulipe."

"Nimekusamehe, Mama Nzisa," Kalunde alisema. Hakuwa na hakika kama amesamehe kabisa, lakini alitaka kuanza. Mama Nzisa alivuta kigoda, akaketi, wakanywa chai wote watatu.

Mgeni alipoondoka, Kalunde aliendelea na kupepeta. Susu alimtazama kwa muda.

"Unataka kuniuliza na wewe?"

"Hapana, Susu."

"Vizuri. Siku ukihitaji kujua, nitakuambia mwenyewe. Sasa nisikilize. Nilikukataza kusema, na nilikosea. Majibu ya damu yangu ni siri. Nikiyatunza, hayamdhuru mtu. Lakini ugonjwa uliokuwa ukinitoa jicho haukuwa siri hata kidogo. Ilikuwa hatari, nami nilikubebesha wewe, mtoto, uibebe peke yako. Mtu mzima akikuambia unyamaze na kunyamaza huko kunamuumiza mtu, nenda ukaseme, hata kama mtu mzima huyo ni mimi. Na mgonjwa, awe anaumwa nini, msalimie, mguse, keti naye. Dawa nilipewa na daktari, lakini kabla ya dawa, alinigusa."

Kalunde aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

"Haya," Susu alisema, akiinuka kwa kujishika magoti. "Weka huo ungo kando, twende nje. Nimekaa ndani vya kutosha."